Mkongwe wa Benchi

Mimi ni mpima ardhi, na mpima ardhi akikuambia kwamba anaamini bahati, mtoe shambani kwako kabla hajasimika kigingi. Huku kwetu Kisii shamba la mtu huishia kwenye mgomba wa jirani, na hatua moja ya mguu inatosha kuvunja undugu wa vizazi vitatu. Nimeishi kwa kuamini kamba, darubini na tarakimu. Tarakimu haina ukoo wala haiogopi mtu. Ndiyo maana shemeji yangu aliyeko Amerika alipotuletea mchezo wa besiboli ya kompyuta, nilijua kikombe ni changu. Nilijua hivyo misimu mitatu mfululizo, na misimu yote mitatu nikashika mkia.

Hakuna hata mmoja wetu huku nyumbani aliyewahi kuona besiboli ikichezwa. Shemeji aliizoea huko alikohamia, akaona ni njia nzuri ya kuifanya familia iongee kila siku badala ya kutumiana salamu za Krismasi. Kompyuta imebuni wachezaji mamia, kila mmoja na umri wake na rekodi yake. Mwanzoni mwa msimu kila mtu anachagua kikosi kwa zamu. Kisha kila siku saa tisa alasiri kwa saa zetu, kompyuta inachezesha mechi yenyewe kwa nguvu za wachezaji na kwa kete zake za siri, halafu inakutumia maandishi ya yote yaliyotokea. Hakuna picha wala kelele. Unasoma tu kama barua.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa rungu. Akiupiga vizuri anakimbia kupitia vituo vitatu, na akirudi nyumbani hilo ndilo bao. Akiutoa nje ya uwanja kabisa, anarudi nyumbani kwa madaha pamoja na wenzake wote waliokuwa wakingoja vituoni. Akikosa mara tatu, ametoka. Mrushaji naye akirusha ovyo ovyo, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Wakitoka watatu, zamu imekwisha, na kila timu ina zamu tisa.

Tulikuwa timu nane, na bingwa wa misimu miwili kati ya ile mitatu alikuwa baba mkwe wangu. Alistaafu ualimu mkuu katika shule moja ya msingi upande wa Nyaramba, na sasa analima chai juu ya Kebirigo na ni mzee wa kanisa la Sabato. Simu kubwa aliletewa na mwanawe, yule shemeji. Siku za mwanzo alikuwa akiishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea bakuli la uji wa moto. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa akinichapa.

Mimi nilichagua mapande ya watu, wale wanaoutoa mpira nje ya uwanja. Yeye alichagua watu ambao hakuna aliyewataka: wapigaji wanaosubiri, wanaoacha mpira mbaya upite, wanaopewa kituo cha kwanza bure na kukaa pale kimya. Mke wangu alimuuliza siri yake, akajibiwa kwamba mchuma chai mzuri si yule anayejaza kikapu Jumatatu akalala mpaka Alhamisi. Mzuri ni yule anayekuja kila siku, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Niliposikia nikacheka sana. Halafu nikachora jedwali la misimu yote mitatu, na kicheko kikanikauka. Mapande yangu ya watu yalikuwa yakipiga mpira wakati vituo havina mtu. Yeye kila mara alikuwa na wawili watatu wamesimama vituoni, wakingoja tu mtu mmoja apige kidogo.

Basi msimu wa nne nikamwibia mbinu. Nasema wazi, nilimwibia. Nikachagua wasubirifu watupu, mpaka shemeji akanipigia simu kutoka Amerika kunikejeli. "Shemeji, hiyo ni timu ama ni foleni ya hospitali?" Nikamwambia angoje. Kufikia katikati ya msimu nilikuwa wa tatu, na moyo ulikuwa unanidunda kila ikikaribia saa tisa, hata nikiwa shambani kwa watu wanaorushiana matusi. Nilipungukiwa na kitu kimoja tu, mrushaji wa uhakika. Na mrushaji bora kuliko wote, yule wa mkono wa kushoto, alikuwa kwa baba mkwe.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo Mgusii yeyote analijua. Kati ya mtu na wakwe zake kuna ensoni, ile haya yenye heshima. Sikai karibu na baba mkwe. Simtanii, sibishani naye, na zaidi ya yote, siombi kitu nikaanza kuvutana naye bei kama tuko sokoni. Kwa miaka sita ya ndoa yangu tulikuwa tumesalimiana, tumeulizana habari za mvua na za ng'ombe, basi. Maneno mengine yote yalipitia kwa mke wangu, hata tukiwa chumba kimoja. Sasa niambie, mchezo ambao nusu yake ni kubadilishana wachezaji kwa kuvutana, utauchezaje na baba mkwe?

Nilizunguka. Nikamdokezea shemeji kwamba ule mkono wa kushoto unanipendeza, nikitumaini atapeleleza tu baba yake angetaka nini. Shemeji, ambaye Amerika imemsahaulisha mambo, akamwambia mzee waziwazi, "Mkweo anamtaka mrushaji wako." Kabla sijamaliza chai ya saa nne, simu ikalia. Mrushaji yule alikuwa wangu. Mzee alikuwa amemtuma bure kabisa, bila kudai hata mchezaji mmoja.

Nilitaka kuruka juu ya meza, na wakati huohuo nilitaka ardhi inimeze. Mkwe akiomba, hanyimwi. Mzee hakuwa amefanya biashara, alikuwa ametimiza adabu.

Mke wangu, ambaye baba yake humwita Tata, alinijia juu jioni hiyo. "Wewe umemwomba Tata mtu wake? Na umemrudishia nini?"

"Bado."

"Bado nini? Tangu lini kikapu kikarudi kitupu?"

Alikuwa na haki. Huku kwetu ukiletewa ndizi kwenye kikapu, hukirudishi kikiwa na hewa. Unatia chochote, hata kama ni mahindi manne. Na hapa ndipo uchoyo wangu ulipojitokeza. Niliangalia kikosi changu kuanzia juu, nikaona kila mmoja ananiuma kumtoa. Nikashuka mpaka chini kabisa. Pale palikuwa na mkongwe wa miaka arobaini na mmoja, niliyemchagua mwishoni kabisa ili kujaza idadi. Msimu mzima hakuwa amepiga kitu cha maana, na nilikuwa karibu kumfuta. Nikamtia huyo kwenye kikapu. Nikamtuma.

Salamu zikarudi kupitia kwa mke wangu. "Tata anasema mbuya mono, vizuri sana. Anasema amefurahi umempa mtu mzima."

Nikasema vizuri, nikaingia bafuni kunawa uso ambao haukuwa na uchafu.

Lakini wacha niseme ukweli, aibu ile haikukaa. Ingekaaje? Mkono wa kushoto uliniwakia moto! Mechi yake ya kwanza aliwatoa wapigaji kumi na wawili. Ya pili hakuruhusu hata bao moja. Nilikuwa nikisoma maandishi yale nimesimama kando ya barabara na kamba ya kupimia shingoni, nikipiga kelele, na wenye shamba wakidhani nimeona kosa kwenye ramani. Nilipanda hadi nafasi ya pili. Nikaingia nusu fainali, nikamtoa shemeji mwenyewe na domo lake. Na upande wa pili wa ratiba, polepole, kituo kwa kituo, alikuwa anakuja baba mkwe.

Fainali ni mechi saba. Tulifika tatu kwa tatu. Mechi ya saba ikaangukia Jumamosi.

Jumamosi, kwa nyumba ile, ni Sabato. Kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama kesho yake, hakuna kazi, hakuna mpira, na simu inalala kwenye droo. Shemeji alijaribu mapema kuizuia kompyuta isicheze Jumamosi, ikashindikana. Mzee mwenyewe ndiye aliyeamua. Alisema chai humea hata siku ya Sabato, sharti tu mtu asiiguse. Kwa hiyo yeye hupanga kikosi chake Ijumaa kabla ya jua kuzama, na matokeo huyasoma Jumamosi jua likishazama. Mimi ni Mkatoliki. Ningeweza kupangua na kupanga mpaka dakika ya mwisho.

Ijumaa ile nilikuwa Nyamarambe, nimesimama kati ya ndugu wawili waliogombania mstari wa michongoma, lakini akili yangu haikuwa pale. Nilikuwa ninawaza kushindwa. Yaani, kushindwa kwa makusudi. Mkwe anayemwangusha baba mkwe wake mbele ya familia nzima, mpaka Amerika, huyo ni mkwe gani? Ningemficha mkono wa kushoto, nikaweka mrushaji dhaifu, mzee akapata kikombe chake cha tatu, nami nikabaki na adabu zangu. Wale ndugu walipokunywa maji nilitoa simu na kufanya hivyo. Nilimpanga mrushaji wangu mbovu kuliko wote.

Nikiwa njiani kurudi Kisii, mke wangu akapiga. Alikuwa ametoka kuongea na baba yake.

"Tata amenipa ujumbe nikuletee. Anasema niseme vile alivyosema." Akavuta pumzi. "Anasema, 'Mwambie nimeweka watu wangu wote. Naye aweke wake wote. Akiniachia nitajua, maana nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Na akiniachia, kesho asije kula kwangu.'"

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Miaka sita, na hilo lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kunitumia. Lilikuwa neno la kunitaka vitani, si la kunipa kiti cha mgeni. Damu ilinichemka kwa furaha, nasema kweli. Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Nikamrudisha mkono wa kushoto mahali pake, nikapanga kikosi changu chote cha kwanza, na nikaapa kwamba jua likishazama sitagusa kitu tena, kama yeye.

Asubuhi ya Jumamosi nikaamka kabla ya kuku. Nilifungua simu kutazama tu, si kugusa. Kompyuta ilikuwa imeandika: mpigaji wa kwanza wa baba mkwe, yule msubirifu kuliko wote, nguzo ya timu, ameumia goti. Hachezi leo. Wakati mwingine wowote mwenye timu angembadilisha kwa nafasi yake na kupanga upya. Asipofanya hivyo, kompyuta inachukua yeyote aliyeko benchi anayejua nafasi ile.

Nikakaa kitandani na simu mkononi. Kumpigia mzee ni kumtaka avunje Sabato. Kumtoa mtu wangu mmoja ili tulingane ni kumwachia, na alikuwa ameshanionya. Kunyamaza ni kumpiga mtu aliyejifunga mikono kwa ajili ya Mungu wake. Nikamgeukia mke wangu, aliyekuwa anavaa viatu vya kanisani.

"Leo mimi siongei mambo ya mpira," akasema kabla sijafungua mdomo, akatoka.

Nilinyamaza basi. Na nikiungama lazima niungame yote: chini ya ile huruma, kitu kilikuwa kinacheza isukuti kifuani mwangu. Goti lile lilikuwa bahati yangu! Mimi, mtu wa kamba na darubini, nilikuwa nimeshika bahati kwa mikono miwili na sitaki kuiachia. Msimu wa nne, mkono wa kushoto, na mpinzani hana nguzo yake. Ningetaka nini tena?

Tulifika kwao baada ya ibada. Chakula kilikuwa kimepikwa Ijumaa na kupashwa moto: kuku, ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa ikalegea vizuri. Nilikaa kwenye kiti changu cha kawaida karibu na mlango, na baba mkwe kwake, upande wa pili wa chumba, koti lake la kanisani bado limefungwa vifungo.

"Bwairire," akanisalimia.

Nikaitikia. Akauliza kama kumenyesha Kisii. Nikasema kidogo.

Saa tisa kamili simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Nadhani ilisikika mpaka jikoni. Mzee hakugeuza kichwa, lakini nilimwona anaitazama saa ya ukutani. Matokeo yalikuwa tayari ulimwenguni. Yalikuwa yamelala kwenye paja langu, na yamelala kwenye droo yake, na shemeji aliyeko Amerika bila shaka alikuwa naye ameyaacha yalale, maana bado yeye ni mtoto wa nyumba ile. Sikuitoa simu. Nilikuwa nimeapa.

Saa tisa na nusu. Saa kumi. Tukaongea juu ya mbolea. Saa kumi na moja mama mkwe akaleta ndizi mbivu, na mimi ambaye sipendi ndizi mbivu nikala tano. Mzee alisimama mara mbili kwenda dirishani, akarudi. Mara ya tatu mke wangu akamcheka wazi, "Tata, hilo jua halisukumwi." Mzee akakohoa na kukaa.

Hatimaye chai upande wa pili wa bonde ikaanza kuwa nyeusi. Wakaimba wimbo wa kufunga Sabato, beti zote, nami nikaimba na sauti yangu ya Kikatoliki. Mzee akaomba. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa wa kanisa jina kwa jina, akaombea serikali, na nilipodhani atasema amina akaombea walioko safarini. Kisha amina. Kisha akaenda kwenye droo kwa mwendo ambao sikujua bado anao.

Alivaa miwani na kusoma kwa sauti, zamu kwa zamu, mabao tu bila majina, kama mwalimu mkuu anayesoma matokeo mbele ya shule nzima. Zamu ya kwanza, hakuna. Ya pili, timu yangu bao moja. Nikabana midomo. Ya tano, yeye akasawazisha kwa wasubirifu wake. Ya saba, nikaongeza: mbili kwa moja! Mkono wa kushoto anawatoa watu mmoja baada ya mwingine. Zamu ya nane, hakuna. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili.

Zamu ya tisa, timu yake ndiyo inayopiga mwisho, na sasa akaanza kusoma mpigaji kwa mpigaji. Wa kwanza akatoka. Wa pili akatoka. Mke wangu akanitazama kwa uso wa pole na furaha pamoja. Wa tatu akasubiri, akasubiri, akapewa kituo cha kwanza bure.

"Anakuja," mzee akasoma. Akaisogeza simu karibu na macho. "Anakuja badala ya aliyeumia."

Akasoma jina, nami nikalijua. Alikuwa mkongwe wangu. Miaka arobaini na mmoja, mahindi manne ya kikapu.

Nilicheka moyoni, wallahi. Nilijua rekodi yake kuliko nilivyojua kitambulisho changu. Akakosa mara ya kwanza. Akakosa mara ya pili. Mzee alikuwa sasa anasoma polepole sana, neno moja, pumzi, neno moja.

"Ameupiga. Mpira... unakwenda... unakwenda... umetoka."

Watu wawili nyumbani. Tatu kwa mbili. Mechi imekwisha.

Kilichofuata sijawahi kukiona kabla wala baada. Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, alipiga unyende. Alipiga mguu chini mpaka vikombe vikalia kabatini. Mama mkwe akatoka jikoni mbio akidhani kuna nyoka. Na mimi, ambaye nilikuwa nimenyang'anywa kikombe kutoka midomoni na mtu niliyemtoa mwenyewe kwa mikono yangu, nilijikuta nimesimama ninapiga makofi na kucheka mpaka machozi, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri hivyo kwenye jedwali lolote.

Makelele yalipotulia, ile aibu yangu ya siku ya kikapu ikarudi yote kwa pamoja. Nikamgeukia mke wangu, maana ndiyo njia.

"Mwambie Tata yule mtu nilimpa nikijua hafai."

Mke wangu akafungua mdomo, lakini mzee alikuwa ameshasikia. Hakuniangalia. Aliiangalia simu, akaongea nayo.

"Nilijua siku ileile. Nilisoma rekodi yake yote. Mwanangu wa Amerika aliniambia kila wiki nimfute, nichukue mwingine." Akaipangusa kioo kwa mkono wa koti. "Kitu cha mkwe hakitupwi."

Tulipoondoka mama mkwe alimpa mke wangu kikapu cha ndizi na viazi vitamu, kama kawaida. Nilikibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Wiki ile nilipima mashamba matatu na sikumbuki mpaka wa hata moja, kwa sababu nilikuwa ninawaza nitakijaza nini. Siku ya Jumapili nilikirudisha Kebirigo mimi mwenyewe, na ilibidi nikishike kwa mikono miwili kwa uzito.